Mlembe Aliyemfuata Nyegere Mbugani

Hodi, nina hadithi.

— Ilete, tumekaa.

Nimesema hodi, nina hadithi.

— Ilete, tumekaa, na masikio tumeyafungua.

Haya, hapo sawa. Mara ya kwanza mliitika kama watu wanaoamshwa kwenda shamba. Mimi simsimulii mtu asiyeitika. Na wewe Sikudhani, huo muhogo utafune taratibu. Hadithi hii ina ndege mdogo na sauti yake ni ndogo.

Hapo zamani, zamani hasa, wakati wanyama walikuwa bado wanasalimiana asubuhi hata kama wana njaa, palikuwa na Nyegere. Mnamjua Nyegere. Mweusi chini, mweupe mgongoni kama aliyemwagiwa unga, miguu mifupi, kiburi kirefu. Alizaliwa katika nchi ya miombo, kwenye miti mikubwa yenye mashimo, na ndani ya mashimo nyuki.

Mwaka mmoja mvua ikakataa. Maua yakakosekana, nyuki wakahama. Nyegere akamuaga mama yake, akasema, "Mama, naenda kutafuta riziki. Mvua ikirudi, nami nitarudi."

Mama yake akasema, "Nenda salama, mwanangu. Nikikuhitaji nitamtuma Mlembe."

Mvua ikarudi mwaka uliofuata. Nyegere hakurudi. Alikuwa amefika mbali, mwendo wa siku tatu, kwenye mbuga ya nyasi fupi. Akachimba shimo lake jirani na shimo la Bi Nungunungu, akala panya, akala mchwa, akanenepa. Mwaka wa kwanza ukapita. Wa pili ukapita. Wa tatu ukapita.

Lakini mdomo wake haukuhama. Ukimwambia leo jua ni kali, anasema, "Jua gani hili? Kwetu jua lina adabu. Linakuchoma, kisha linakuomba radhi." Ukimkaribisha maji, anaonja, anatikisa kichwa. "Maji ya kwetu huna haja ya kuyameza. Yanashuka yenyewe." Wanyama wa mbugani wakampa jina, wakamwita Bwana Kwetu. Yeye akadhani wanamheshimu.

Na kila alipoanza kwa jua na kupita kwenye maji, alimalizia kwa Mlembe.

"Kwetu kuna ndege anaitwa Mlembe," husema. "Anakuja mpaka mlangoni kwako anakuita. Unamwitika, unamfuata mti kwa mti, anakufikisha kwenye asali. Wewe unakula, yeye unamwachia sega lake. Na ukiwa mbali, mtu wa nyumbani akiwa na neno lako, hampi mwingine, anampa yeye akuletee."

Mwenyekiti wa mbuga hiyo alikuwa Mbuni. Mbuni, kwa kuwa ni mkubwa kuliko ndege wote, aliamini kwamba ndege asiyemjua yeye bado hajaanguliwa.

"Huyo ndege wako," Mbuni akauliza siku moja barazani, "ana urefu gani?"

"Anaenea kwenye kiganja changu," akasema Nyegere.

"Kwenye kiganja. Na sisi tulidhani ananipita shingo."

Wanyama wakacheka. Ngiri akacheka mpaka akasahau kilichomchekesha.

Kisha Mbuni akasema kwa sauti ya uenyekiti, "Sikiliza, Bwana Kwetu. Ukimwona huyo Mlembe hapa mbugani, tuite tumwone kwa macho yetu. Ukituita mara mbili tusimwone, siku ya tatu utasimama barazani, uape mbele ya wote kwamba ndege huyo umemtunga mwenyewe. Na neno kwetu hutalitamka tena hapa."

Nyegere akakubali. Akakubali haraka, kama nyinyi mnavyokubali kwenda kuchota maji kabla hamjauliza kisima kiko wapi.

Sasa hapa nawaambia jambo ambalo Nyegere mwenyewe alikuwa halijui.

Kule kwao mama yake alikuwa amezeeka. Macho yake yalianza kuingia ukungu, kwanza la kushoto, halafu la kulia. Asubuhi aliona miti, jioni aliona vivuli vya miti. Akajua hana siku nyingi za kuona. Akamwita Mlembe, akampa maneno machache, kwa kuwa kifua cha Mlembe ni kidogo na maneno mengi yangemlemea njiani. Akasema, "Mwambie mwanangu macho yangu yanafunga. Aje nimwone kabla hayajafunga."

Basi. Mlembe akaruka. Akaiacha miombo, akavuka mito mikavu, akapita nchi ambazo hakuna aliyepata kumwona ndege wa namna yake. Akafika mbugani. Akatua juu ya mgunga mbele ya shimo la Nyegere, mabawa yanamtetemeka kwa uchovu.

Lakini Mlembe ana adabu yake, na watu wa miombo wote wanaijua tangu wanapoanza kutambaa. Mlembe hasemi neno mpaka aitikiwe mara tatu. Anaita, unaitika, anasogea mti wa pili. Anaita, unaitika, anasogea mti wa tatu. Anaita, unaitika, ndipo anasema. Ndivyo anavyojua kuwa amempata mwenyewe. Usipoitika, anafunga mdomo wake, anakwenda zake.

Akaita:

*Tiriri, tiriri, mwenyewe yuko wapi?*

Nyegere akatoa pua shimoni. Akatoa kichwa. Akatazama juu, akamwona. Ndege wa kijivu, wa kawaida kabisa, kingo za mkia nyeupe, mdomo mwekundu kidogo kama tunda linaloiva. Ukimwona wewe utampita. Lakini Nyegere alimjua papo hapo. Ghafla akanusa miombo iliyonyeshewa. Akamkumbuka mama yake anavyolamba makucha baada ya kula asali, moja baada ya jingine, bila haraka. Machozi yakamlenga. Miaka mitatu alikuwa hajui hayo machozi yako wapi.

Na mnajua Nyegere alijibu nini?

Alisema, "Kaa hapo hapo. Usiruke. Nakwenda kuita watu."

Akakimbia.

Akamkuta Ngiri amepiga magoti anakula nyasi. "Ngiri, inuka. Nimemwona."

"Nani?"

"Mlembe. Yuko mlangoni kwangu."

Ngiri akasimamisha mkia, wakakimbia wote wawili. Walipofika katikati ya njia Ngiri akasimama. "Samahani, jirani. Tunakimbia nini?"

"Mlembe."

"Ah, Mlembe." Wakakimbia tena. Mbele kidogo Ngiri akasimama. "Ni yeye anatukimbiza, au sisi ndio tunamkimbiza?"

Walipofika, mgunga ulikuwa mtupu.

"Alikuwa hapo," akasema Nyegere. "Tawi lile pale."

Ngiri akatazama kwa makini. Hakutaka kumuumiza jirani yake. "Mti wenyewe ni mzuri," akasema.

Hiyo ni moja.

Asubuhi ya pili Mlembe akarudi. Alikuwa amelala njaa, maana mbugani pale hakuna sega hata la kunusa. Akatua juu ya mgunga ule ule, akaita:

*Tiriri, tiriri, mwenyewe yuko wapi?*

Nyegere akatoka mbio. Miombo ikamnukia tena. Na tena akasema, "Kaa hapo hapo. Safari hii nakuletea Mwenyekiti."

Nani anaita huko nje? Naona si mimi ninayeitwa. Tuendelee.

Akamkuta Mbuni. "Mwenyekiti, njoo. Yuko."

"Siwezi kwenda kumpokea mgeni nikiwa hivi," akasema Mbuni. Akajigaragaza mavumbini, akasimama, akajikung'uta. Akapanga manyoya ya kulia. Akapanga ya kushoto. Akauliza kama ya kulia yamekaa sawa na ya kushoto. Nyegere anarukaruka pembeni kama aliyekanyaga siafu. Mbuni akauliza, "Mgeni mwenyewe ana cheo gani kwao?"

"Mwenyekiti, ni ndege tu, anakaa kwenye kiganja."

"Basi atasubiri," akasema Mbuni, akarudia manyoya ya kulia.

Walipofika, mgunga mtupu. Kilichobaki ni kinyesi kidogo kwenye tawi la chini. Mbuni akainama, shingo yote ile, akakitazama kwa jicho moja, akakitazama kwa jicho la pili.

"Hiki ni cha shomoro."

"Si cha shomoro, Mwenyekiti."

"Mimi ni ndege," akasema Mbuni. "Katika jambo hili unataka kunifundisha wewe?"

Hiyo ni mbili. Habari ikazunguka mbuga nzima kabla jua halijafika utosini, kwamba kesho asubuhi Bwana Kwetu anakula kiapo.

Jioni hiyo Nyegere alikaa mlangoni kwake, kidevu juu ya miguu. Bi Nungunungu akatoka shimoni kwake na kuketi karibu, miiba yake ikilia nyuma. Huyu bibi alipenda habari. Nyoka akipita, yeye badala ya kukimbia humuuliza ametoka kwa nani.

"Shikamoo, Bi," akasema Nyegere.

"Marahaba. Nasikia umemwona mara mbili."

"Mara mbili, Bi. Kwa macho yangu."

"Alisema nini?"

"Nani?"

"Huyo ndege. Si ulituambia huleta neno? Mimi sina haja ya kumwona, ndege nimeona wengi. Mimi nataka neno. Nani kaoa, nani kafa, nani kagombana na nani."

Nyegere akageuka kuutazama mgunga. Halafu akasema, "Sijui alisema nini."

"Hujui vipi?"

"Sikumwitika. Nilikimbia kuwaita watu."

Bi Nungunungu akamtazama kwa muda mrefu. Miiba yake ikalala yote, jambo ambalo kwake ni kama mtu mwingine kuvua kofia.

"Hebu nielewe," akasema. "Kitu kidogo hivyo kimevuka nchi zote hizo ili Mbuni akione?"

Akaingia shimoni kwake. Nyegere akabaki pale pale. Maneno ya mama yake yakamjia: nikikuhitaji nitamtuma Mlembe. Alikuwa hajayakumbuka siku mbili zote, kwa kuwa alikuwa akifikiria sura ya Mbuni atakapoona aibu. Akaona haya. Akaona haya mpaka masikio, na kisha akaogopa, maana hakujua ni neno gani lile alilolikimbia mara mbili.

Asubuhi ya tatu baraza likajaa. Nyegere akapandishwa juu ya kichuguu. Wanyama wote wakakaa mbele yake, wanamtazama yeye, na mgongoni kwao, mbali kidogo, ule mgunga. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa anauona.

Mbuni akasema, "Rudia maneno yangu. Hakuna Mlembe."

Nyegere akafungua mdomo. Na hapo akamwona Mlembe anatua. Safari hii alitua vibaya, kama aliyebakiwa na nguvu ya kuita mara moja tu.

*Tiriri, tiriri, mwenyewe yuko wapi?*

Hakuna mwingine aliyesikia. Sauti ile usipoizoea unadhani ni ukuni unakatika.

Sasa fikirini. Neno moja tu lilitosha: geukeni. Wangegeuka, wangemwona, na Mbuni angetafuta mchanga wa kuficha kichwa. Sikudhani, wewe ungesema. Nakujua. Na mimi pia ningesema, nisiwadanganye. Kumshinda mtu aliyekucheka miaka mitatu ni kitu kitamu, kinakaribia asali yenyewe.

Nyegere alitazama wanyama. Akamtazama Mbuni. Akamtazama ndege. Kisha akaimba, taratibu, kama alivyofundishwa na mama yake:

*Niko hapa, tangulia, nami niko nyuma yako.*

"Anaimba," akasema Ngiri.

"Kuimba si kiapo," akasema Mbuni.

Mlembe akasogea mti wa pili. Nyegere akashuka kichuguuni, akapita katikati yao bila kumgusa mtu.

*Tiriri, tiriri, mwenyewe yuko wapi?*

*Niko hapa, tangulia, nami niko nyuma yako.*

Wanyama wakamgeukia, lakini walikuwa wanatazama mgongo wake mweupe unavyokwenda. Hakuna aliyetazama juu. "Mmeona," akasema Mbuni, "amekimbia kiapo. Andikeni kwamba hakuna Mlembe." Hakuna aliyejua kuandika, basi wakakubali tu. Ngiri akauliza kikao kilikuwa cha kitu gani.

Mmoja peke yake aliinua uso, Bi Nungunungu. Akaona kitu cha kijivu chenye kingo nyeupe za mkia kinaruka kwenda mti wa tatu. Akafunga mdomo wake, hakumwambia mtu. Kwa bibi yule kukaa na habari kama ile bila kuisema ilikuwa kazi kubwa, na aliumwa tumbo siku nne.

Kwenye mti wa tatu Mlembe akaita, Nyegere akaitika. Ndipo Mlembe akasema:

"Mama yako anasema macho yake yanafunga. Uje akuone kabla hayajafunga."

Nyegere akageuza pua upande wa miombo. Alianza kukimbia.

Alikimbia siku ya kwanza, hakula. Alikimbia siku ya pili, akakanyaga asali mbichi iliyodondoka kutoka kwenye shimo la mti, hakulamba hata ukucha. Nyegere huyo, fikirini. Siku ya tatu akaingia kwenye miombo, majani yametoka mapya, mekundu, lakini hakuyatazama. Akafika kwao adhuhuri.

Mama yake alikuwa ameketi mlangoni, uso umeelekea njia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," akasema mama. "Hiyo sauti naijua. Ila imenenepa."

Nyegere akasogea. Mama akanyoosha mkono, ukapita pembeni ya sikio lake, ukarudi, ukamkuta. Nyegere akayaona macho ya mama yake. Yalikuwa meupe.

"Tangu lini, mama?"

"Juzi nililiona jua likizama," akasema mama. "Jana halikuchomoza."

Nyegere akahesabu. Njia ni siku tatu. Angeitika asubuhi ile ya kwanza, angefika juzi, jua likiwa bado juu. Angekaa naye mchana mzima.

Akasema, "Mama, Mlembe alifika mapema. Niliyechelewa ni mimi."

"Ulikuwa na kazi?"

"Nilikuwa nawaita watu waje wamwone."

Mama akauliza, "Walimwona?"

"Hapana, mama."

"Basi tuko sawa," akasema mama. "Wao hawakumwona Mlembe, na mimi sikukuona wewe."

Nyegere akalia. Alilia kama mtoto, bila kujali kwamba miombo yote inasikia. Mama akamshika uso kwa mikono miwili, akapitisha kucha polepole kwenye paji, kwenye pua, kwenye kidevu, mara mbili tatu, kama anayesoma. Kisha akatabasamu.

"Nyamaza," akasema. "Sura yenyewe naikumbuka. Haikuwa sura ya kukimbiliwa siku tatu."

Siku hiyo Nyegere akamfuata Mlembe mti kwa mti, akavunja asali, akamwachia sega kubwa kuliko yote aliyopata kuachiwa. Nyingine akamletea mama yake. Mama akala, akalamba makucha moja baada ya jingine, bila haraka, na Nyegere akatazama mpaka la mwisho. Hakumwita mtu aje kuona.

Akabaki kwao. Kila jioni alikaa na mama yake, akamwambia jua limefika wapi, majani yana rangi gani, nani anapita njiani. Na mama alipomuuliza habari za huko alikokuwa, Nyegere akajikohoza, akasema, "Mama, kule kwetu mbugani, nyasi zinasimama zenyewe ukipita."

"Kwenu wapi?" akauliza mama, akacheka hadi asali ikampalia.

Ndiyo hivyo. Pale miomboni sasa wanamwita Bwana Mbugani. Naye anadhani wanamheshimu.

Funzo la hadithi ni hili. Kwenu kukikuita, itika kwanza. Habari ya watu kukuona au kutokuona, iache ikufuate nyuma, na isipokufuata usigeuke kuitafuta.

Hadithi yangu imefika kwenye asali.

— Tumekula, tumeshiba.

Sega lake nimeliacha hapa.

— Tutampelekea mwingine.

Na wewe Sikudhani, mama yako anakuita tangu pale Mbuni alipokuwa anapanga manyoya. Hukusikia, au ulikuwa unasubiri tuje sote tumsikie?

— Abee, mama.